Kimelea na Mwenyeji Wake

Niliachia shule darasa la tano, mama alipomfuata baba kaburini. Kwa hiyo kila jioni nilimwomba mdogo wangu wa kiume anisomee alichofundishwa. Siku moja ilikuwa sayansi: kimelea ni kiumbe hai kinachoishi juu ya kiumbe kingine au ndani yake, kikipata chakula humo na kukidhuru. Anayekaliwa huitwa mwenyeji. Mifano: kupe, chawa, minyoo.

Alifunga kitabu, akakaa mbali na sinia.

"Nimekula kwa rafiki yangu."

Kesho yake vilevile. Mdogo wetu wa kike akacheka: "Kaka anafunga Kwaresima mwezi wa nane!"

Wakati huo nilikuwa nakaanga mapanki Kirumba, vichwa na mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege. Moshi wa mafuta uliniharibu macho. Nikirudi nyumbani nayafunika kwa kitambaa kibichi, nanyamaza. Nilidhani hawaoni.

Jioni iliyofuata nikamkuta amefunga nguo zake ndani ya kanga ya mama.

"Safari ya wapi?"

"Misungwi, kwa baba mkubwa. Nikachunge ng'ombe."

"Na shule?"

Aliinama. "Macho yako yanaisha, dada. Sisi tunakula tu. Tuna tofauti gani na kupe?"

"Mimi si kupe!" mdogo wetu akapaza sauti. "Kupe hachoti maji!"

Sikuweza kucheka. Ukweli ni kwamba macho yaliniuma, na kitabu hakikuwa kimedanganya.

"Kupe humpanda ng'ombe bila kuitwa," nikamwambia. "Wewe nani alikuita? Msiba ulipokwisha, wazee waliwagawana. Wewe Misungwi, huyu Kigongo. Nani alikataa?"

"Wewe."

"Basi. Mimi ndiye niliyewang'ang'ania. Mkiondoka, mlango huu nitaufungua kwa ajili ya nani?"

Alisogea kwenye sinia, akamega ugali, akanyonya kichwa cha sangara mpaka mfupa ukawa mweupe.

Asubuhi walisimama mlangoni na madaftari yao. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Msichelewe kuhesabiwa namba shuleni."

Nilisimama kuwatazama mpaka wakapotea nyuma ya mawe. Ndani hapakuwa na mkubwa ambaye mimi ningemwamkia. Nikajitwika karai, nikashika njia ya Kirumba.