Kicheko Changu kwa Daktari wa Katuni

Ile sauti ilikuwa yangu. Nimeikana mbele ya majirani, mbele ya wanafunzi wangu wa chuo kikuu, pale Kasapa, hata mbele ya kwaya (niliwaambia wanawake wenye sauti nzito ni wengi Lubumbashi), lakini kwa kuwa nusu ya mkasa mnaijua na nusu mnajitungia, afadhali muusikie kwangu.

Didier, rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi, anatengeneza katuni ya kuchekesha kwa televisheni moja ya hapa: kuna daktari wa mawazo, mfupi, miwani mikubwa, na wagonjwa wanaokuja kulala kwenye kiti chake kirefu na kulalamika. Aliniomba nimpe sauti mgonjwa mmoja, mke aliyechoshwa na mama mkwe wake. Nikakubali, mradi jina langu lisionekane. Ningesoma alichoandika nikarudi nyumbani, leo ningekuwa na heshima zangu, lakini maandishi yake yalikuwa yamepoa, nami (kiburi cha watu wa vitabu) nikaamua kuyatia chumvi. Nikasimulia jinsi mama mkwe anavyofika kutoka Kasenga na samaki wake wakavu, anavyofunua sufuria bila hodi, anavyonusa, kisha anairudisha bukari, ugali wetu wa hapa, motoni mbele ya wageni na kuisonga upya, eti haijaiva. Nikamalizia kwa kicheko changu, kile cha kuvuta pumzi kama punda anayepanda mlima.

"Prof, njo ile!" Didier akapiga kelele, yaani ndiyo hiyo hasa. "Tunaacha vile!"

Sikujua kipindi kingetoka wakati mama mkwe wangu (wa Kasenga, ndiyo, mwenye samaki wakavu) yuko kwetu kuandaa mahari ya binti yetu Nadège, dot tunavyoiita hapa. Na kwa kina mume wangu, bibi wa upande wa baba ndiye anayewapokea wageni wa posa; asipokaa pale, wageni wanarudi na vinywaji vyao.

Jioni kipindi kilipotoka sebule ilijaa majirani waliokuja kukitazama, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mama mkwe.

"Aka! Ule mukwe iko mubaya!" alisema, akijipiga mapaja. "Bukari ya mwenzako, unarudisha ku moto? Mbele ya bantu?"

Jamani, ningefanya nini? Kumwona akijihukumu hivyo bila kujua kulinishinda, nikaangua kicheko, na papo hapo mgonjwa wa katuni naye akaangua chake, punda wawili, mmoja ndani ya televisheni na mwingine kwenye kochi, na chumba kizima kikageuka kunitazama.

"Mama Nadège," akasema mama mkwe polepole, "ile sauti iko ya nani?"

"Ya muntu mwingine, Mama. Benye kucheka vile beko bengi."

"Bengi? Miye nasikiaka mumoja tu."

Asubuhi alipanda gari la Kasenga bila kuniaga. Nadège alilia. Wakati wa chakula cha jioni mume wangu akauliza, "Sasa dot tutafanya na nani? Na ule dokta wako?" Nilimpigia mama yake, hakupokea, nikamtuma shemeji, akarudi na salamu kwa kila mtu nyumbani isipokuwa mimi. Nikaapa: katika safu yangu hii nitaandika juu ya siasa, juu ya mashimo ya barabara, juu ya mvua, lakini ya sufuria yangu hayatatoka tena jikoni.

Jumapili, nikitoka kanisani, simu ikalia. Ni yeye.

"Mama Nadège, uko?"

"Niko, Mama." (Nilikuwa nimeshapiga magoti kando ya barabara, kana kwamba ananiona.)

"Nitakuya ku dot. Mujukuu wangu hana kosa. Lakini ambia ule rafiki yako anitengenezee nafasi. Miye pia nitalala ku kile kiti, nimwambie dokta bukari yako iko namna gani."

"Mama, lakini ile ni katuni tu..."

"Najua. Nitakuya na bashahidi."

Akakata simu.