Mkia wa Mpira

Mfunga mizigo wa stendi yetu ya pikipiki haridhiki kwa kuangalia. Akishakaza mpira wa tyubu kwenye keria, huushika mzigo kwa mikono miwili na kuutikisa. Pikipiki nzima isipoyumba pamoja nao, hufungua kila kitu na kuanza upya, hata dereva anune vipi. "Nunia hapahapa, baba," humwambia, "kuliko kwenda kununia mtaroni." Na kwenye kila fundo huacha mkia mfupi upande wa kushoto, ili anayepokea mzigo auvute mara moja tu, mpira wote uachie.

Jana asubuhi alikuwa anafunga sanduku la binti yake, anayehamia mji wa jirani kuanza kazi. Alilitikisa, pikipiki ikayumba. Akaongeza mpira wa pili, kisha wa tatu, fundo juu ya fundo. Binti alikuwa ameshapanda nyuma ya dereva. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa upande wa kushoto, asiguse mkia wowote.

"Baba, sasa huko nitafunguaje?"

Mzee alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, macho kwenye tairi.

"Ukishindwa," alisema, "rudi nikufungulie."