Siku Mbili za Maji Mafu

Mimi kusoma sikusoma. Nilitoka skuli darasa la nne nikaingia kwenye mchanga na saruji, na nilichonacho leo, kiwanda cha matofali pale Amani na nyumba ya Bububu, nimekipata kwa mgongo wangu huu. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma. Ninaloliandika hapa ni kosa, na sikulifanya kwa sababu ya kutosoma.

Nina mtoto mmoja tu, binti, muuguzi Maskati. Tulikaa miaka mitatu hatusemezani kwa ajili ya posa. Watu wa mumewe walileta posa kwa ujumbe wa simu. Hakuja mzee, hakuja hata mjomba mmoja akakaa kwangu akanywa kahawa akaeleza haja yake. Maneno mawili matatu, na picha ya kijana kasimama kando ya gari. Nikawaambia hata matofali yangu mteja huja mwenyewe akayagonga kwanza. Nikakataa kuwa walii wake, nisimwozeshe. Basi wakaoana huko huko, kadhi akasimama mahali pangu. Watu wakanambia sheria inaruhusu. Najua inaruhusu. Sikuwa nauliza sheria.

Mwaka wa tatu ikanijia picha kwenye simu, yeye chini ya maji, ana mtungi wa hewa mgongoni na nywele zake kazifunika. Hakuandika kitu. Niliitazama siku mbili, halafu nikamwandikia neno moja: Unaogopa? Akajibu: Kidogo.

Mimi nilizaliwa kisiwani na nimeogelea tangu sijaota meno ya ukubwani, lakini kwenda chini na kupumua huko sikuwahi. Nikaenda Mji Mkongwe nikajiandikisha kwa wale wanaofunza mbizi. Nilikuwa na miaka sitini na sita. Vijana wa kiwandani walicheka, mmoja akasema mzee anatafuta saruji iliyozama. Nikapata cheti. Nilipomtumia binti yangu picha ya kile cheti alinipigia hapo hapo, na tukasema nusu saa, habari za maji tu. Mume hatukumtaja.

Ndipo tukaanza kupanga. Angekuja siku tano, Alkhamisi mpaka Jumatatu, kwani ndiyo likizo aliyopewa. Yeye alikuwa ameshakwenda chini mara kumi, mimi mara sita, na mwaka mzima hakuna kati yetu aliyeigusa bahari. Kwa hiyo tulikuwa wanafunzi wote wawili, ingawa mimi sikupenda kuliita jambo hilo kwa jina lake. Aliniletea orodha. Tusipite mita kumi na mbili. Mbizi ya kwanza iwe ya kujikumbusha, mahali pa maji machache. Na baada ya mbizi ya mwisho asipande ndege mpaka ipite siku nzima, maana damu inakuwa na hewa isiyotakiwa.

Nikamwambia mwanangu, orodha nzuri, lakini bahari ya Matemwe tutakakozama haisomi orodha. Sisi tunahesabu mwezi. Bamvua likija, maji yanakwenda mbio pale nje ya mwamba, mgeni anachukuliwa kama jani. Mwezi ukifika siku ya saba, ya nane, ya tisa, hapo ni maji mafu, bahari haina mkondo, na maji mafu hayo yanaangukia Jumamosi na Jumapili.

"Na mapafu yako, baba, yanahesabu mwezi pia?" akaniuliza.

Nikacheka. Mambo yakakubaliana, orodha yake na mwezi wangu: Ijumaa tusali, Jumamosi na Jumapili tupige mbizi, Jumatatu akae kitako, usiku wake arudi. Siku mbili za maji, basi. Na mimi nilizitaka hizo siku mbili kuliko nilivyopata kutaka kitu. Kwa sababu chini kule hakuna maneno. Mnakwenda wawili wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake, ukitaka kusema unaonyesha kwa mkono: mzima, panda, ngoja. Nilijua nikikaa naye mezani nitasema neno la posa, maana ndivyo nilivyo. Chini ya maji nisingeweza. Tungekaa mkono kwa mkono dakika arubaini, na tukitoka yangekuwa yamekwisha.

Jumamosi asubuhi tukawa Matemwe. Mwalimu wetu alikuwa binti wa pale pale, mama yake mkulima wa mwani. Akanishikamoo vizuri, nikamwitikia, akatupa kila mmoja karatasi ya maswali ya afya. Nikamwambia binti yangu anisomee. Moyo? Hapana. Pumu? Hapana. Sukari? Hapana. Presha, au dawa ya presha? Hapana. Nilijibu kama nilivyojibu Mji Mkongwe mwaka uliopita, na mara zote mbili nilisema uongo. Mtu aliyejijenga kwa mgongo hatangazi kwamba mgongo una ufa.

Ikabaki kutia saini. Sikuuona mstari, nikamwambia miwani yangu imo kwenye mkoba. Akaenda kuitafuta. Aliporudi alikuwa na miwani mkono mmoja, na mkono wa pili pakiti ya vidonge vyangu vya presha. Yeye muuguzi, hakuhitaji kuuliza ni vya nini.

Alinivuta pembeni, akasema taratibu, kama anavyosema na wagonjwa wake nadhani. Akasema si mwisho wa dunia. Turudi mjini sasa hivi, daktari anipime, aandike karatasi kwamba presha imetulia, na kesho asubuhi tuingie majini. Tutapoteza siku moja, itabaki moja.

Sikieni alivyosema: itabaki moja. Alikuwa amenipa njia, na ilikuwa pana ya kutosha.

Mimi nikaona kitu kingine. Nikaona yule mwalimu anatutazama, na nahodha wa boti anatutazama, na mimi nasimamishwa na mtoto niliyembeba. Nikamwambia arudishe vidonge mkobani na anyamaze. Akasema hawezi, nikipotelewa na fahamu kule chini atanipandisha nani. Nikamwambia hilo si lake. Akageuka kwa mwalimu akasema, "Baba ana presha, hakuandika."

Mwalimu akasema, "Basi mzee leo utatusubiri juu." Kwa adabu kabisa.

Hapo nikasema. Nilisema mbele ya watu, na sikupandisha sauti.

"Umeshajifunza kufanya mambo bila baba. Nenda. Mchukue na kadhi wako akushike mkono."

Hakulia. Aliufunga ule mkoba wangu kwanza, akauweka chini.

"Siku ile nilikupigia mpaka saa kumi," akasema. "Watu wameshakaa, kadhi ameshakuja. Nikamwambia tusubiri, baba atapokea, useme nnakubali tu kwenye simu, ingetosha. Walinisubiri. Simu yako imezimwa."

Ilikuwa imezimwa. Niliizima mwenyewe asubuhi ya siku ile nikaitia kwenye dawati la kiwandani, nikashinda nikisimamia zege. Nilidhani kama atapiga, atapiga kuniaga. Sikudhani walikuwa wameniwekea nafasi.

Ningeweza kusema twende mjini kwa daktari. Gari ilikuwa pale pale. Nikapanda boti, nikakaa nyuma karibu na mashine.

Binti yangu akazama na mwalimu. Maji yalikuwa mafu kweli, yametulia kama ya kwenye beseni, hesabu yangu ilikuwa sawa. Unaona mapovu yakija juu, mafungu mawili, yanakwenda polepole kandokando ya mwamba. Mimi nikakaza macho nijue fungu lipi ni lake. Sikujua. Nahodha akanipa chai ya chupa, nikaishika mpaka ikapoa. Walipotoka, mwalimu alisema wamemwona kasa. Binti yangu akamwambia nahodha alikuwa mkubwa, akaonyesha kwa mikono. Alimwonyesha nahodha.

Jumapili hakutaka kwenda tena. Tukarudi Bububu siku moja kabla, na tukawa na siku mbili za kukaa ndani, ile aliyoikataa na ile tuliyokuwa tumeiweka ya kungojea damu yake iwe salama. Alipika, alifua mapazia ya mama yake aliyekufa, alinipima presha asubuhi na jioni akaandika namba kwenye karatasi akaibandika ukutani. Alikuwa ananihudumia vizuri mno. Mtu wako akikasirika anaacha mchuzi uungue. Yeye mchuzi wake ulikuwa sawasawa, chumvi sawasawa, kama nyumba ya watu.

Nilitaka kusema. Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anasali. Mara ya pili alikuwa anazungumza na mumewe, anacheka, na nilipokohoa akaacha kucheka.

Uwanja wa ndege alinibusu mkono.

Jumatano nikaenda kwa daktari. Alinipima, akasoma zile namba za ukutani nilizokwenda nazo, akauliza maswali mawili, akaandika kwamba naweza kwenda chini, nisipite mita kumi na mbili. Hata robo saa haikufika. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali, watu wananipita, mmoja akaniuliza mzee una nini, nikamwambia sina kitu.

Jioni nikampigia. Nikamwuliza hali, akasema wazima. Nikasema, "Na mumeo hajambo?" Nilikuwa sijapata kumwuliza hilo tangu aolewe, na midomo ilikuwa mizito kama nasema lugha ya watu.

Nikamsikia akifunga mlango.

"Hajambo, baba," akasema. Kisha akasema ana zamu, anachelewa, na akaniuliza kama nshakunywa dawa.