Mwanamkasi na Begi Lililofunguliwa Chumbani

Mwanamkasi, mjukuu wangu wa hapa Usagara, Tanga mjini, huwafungulia watu maduka yasiyo na mlango wala bati. Wenyewe huyaita tovuti. Nyumba nyingi za wageni, kuanzia Pangani mpaka Ushongo, zinajulikana Ulaya kwa mkono wake: mgeni anachagua chumba angali kwao kwenye baridi, akishuka huku anakuta shuka limetandikwa. Nimemlea mimi, kwa hiyo nusu ya sifa ni zangu.

Asubuhi moja Mwamvua, mwenye nyumba ya wageni kule Ushongo, aliingia uani kwetu bila hodi. Alipiga kelele mpaka kanga zilizoanikwa zikakauka kabla ya jua kuzifikia.

"Mwanamkasi! Mgeni akitafuta vyumba vyangu anatokewa na kamari na wanawake uchi! Umewauzia wahuni nyumba yangu?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke! Nawaambia wenye nyumba wote wa Pangani wakuondoe. Hakuna atakayekupa kazi tena pwani hii."

Na angeweza. Mwamvua akisema neno Ushongo, samaki wa Mkwaja wanalijua kabla ya adhuhuri.

Mwanamkasi akaisafisha tovuti, akabadilisha maneno ya siri yote. Kesho yake uchafu ukarudi. Akasafisha tena, ukarudi tena. Akaacha kula, na huyu ni mtu ambaye akiukalia wali wa nazi, sufuria huomba msamaha.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "ukikonda hivi, babu yako atakuacha abaki na mimi." Nikamburuta harusini Pongwe.

Begi la bwana harusi likiletwa, sharti lifunguliwe uani mbele ya wanawake. Kitu kimoja kimoja kinanyanyuliwa, kinaonyeshwa, kanga hii, viatu hivi, ndipo kiingie kwa biharusi. Siku hiyo mvua ikashuka. Shangazi wawili wakalikimbiza begi zima mpaka chumbani, wakalifungua huko huko. Kumbe watani wa upande wa bwana wamefunga kenge ndani ya kitenge! Akatoka mrefu kama mtumbwi, akapanda kitandani, akajitazama kwenye kioo. Wallahi alijitanda mtandio. Biharusi alitorokea dirishani.

Sote tunacheka, Mwanamkasi kaganda.

"Bibi, hawakutazama. Wamefungua tu."

"Ndiyo ujinga wao."

"Ndiyo ujinga wa plagini!"

Njia nzima ya kurudi akanieleza. Plagini ni kipande cha programu kilichotengenezwa na wengine, unakipachika kwenye tovuti kikufanyie kazi fulani. Hiki kilipokea maombi ya vyumba. Machaguo ya mgeni kiliyafunga kama mzigo, kikampa mgeni akae nao; akirejea kinaupokea na kuufungua bila kuukagua. Mwizi akafunga mzigo wake, akatia amri ndani. Ukikunjuliwa tu, amri inaamka na kuitawala nyumba. Maneno ya siri yatafaa nini, na mwizi anabebwa mpaka chumbani?

Akatengeneza nakala ya tovuti kwenye kompyuta yake, akaipa mzigo wa majaribio. Mzigo ukaamka, ukaandika "Hodi" ukurasa mzima. Basi akaizuia plagini isipokee tena mizigo: maandishi matupu tu, jina, tarehe na chumba, vitu visivyoweza kuamka. Akasafisha mara ya mwisho, Ushongo ikatulia.

Akawaandikia watengenezaji, ng'ambo huko. Wakajibu eti hiyo si kasoro, kosa ni lake.

"Waambie bibi yako anakuja," nikasema.

"Nitawapelekea ushahidi, bibi."

"Ushahidi ndio mimi!"

Akawapelekea hatua kwa hatua, wajionee kwenye mashine yao. Safari hii walijibu upesi, kwa adabu ya mkwe. Wakatoa toleo jipya kwa dunia nzima, na kwenye tangazo wakamtaja mgunduzi: Mwanamkasi, Tanga, Tanzania. Vigelegele vyangu viliwatoa popo kwenye mapango ya Amboni.

Wenye nyumba za wageni walipokaa kikao Pangani, Mwamvua, aliyekwisha kuonyeshwa tangazo hilo, alisimama bila kuitwa.

"Binti huyu nilimtukana kwa sauti kubwa, basi nisikieni kwa sauti hiyo hiyo. Aliyeniingiza mwizi si yeye. Yeye ndiye aliyemtoa. Tovuti yangu ni kazi yake mpaka nife, na asiyempa ya kwake asijiite rafiki yangu."

Mikono ikanyooka. Mwanamkasi alirudi Usagara na kazi ya nyumba zote za ufukweni, hata moja ambayo bado haijaezekwa.