Saa Nane Yangu, Saa Mbili Yao

Mtu asiniambie Kiingereza ni lugha tu kama lugha nyingine. Anikome kabisa. Kiingereza kilininyima mwanangu, na wala hakikutumia maneno magumu. Kilitumia saa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, nauza chai na maandazi barabarani, na binti yangu mdogo nimemwacha kwa mama yangu Chole, Kisarawe. Natoka alfajiri, nani angebaki naye? Nilijiapiza kwamba nikipata kazi ya kueleweka, ya kuingia asubuhi na kutoka jioni, siku hiyohiyo namfuata. Kila nikienda kumwona alikuwa akilia, "Twende wote, mama." Namwambia bado kidogo.

Basi, kiwanda kimoja cha Kibaha kikatangaza nafasi za kufungasha bidhaa. Nikaomba. Ujumbe ukaingia kwenye simu, Kiingereza kitupu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo usaili niliuelewa, Alhamisi niliielewa, na vyeti pia. Saa iliandikwa 8.00, basi. Hakuna asubuhi, hakuna mchana. Sasa sisi huku kadi ya harusi ikiandikwa 8.00 ni saa nane mchana. Tangazo la mazishi, saa nane mchana. Kikao cha wazazi, vilevile. Hata mama mwenye nyumba nilimwonyesha, akavaa miwani yake, akasema, "Si saa nane hiyo, mwanangu? Kwani kuna 8.00 nyingine?"

Alhamisi nikauza chai yangu kama kawaida. Nikaoga, nikapiga pasi sketi, nikafika getini saa nane haijagonga, najisifu moyoni. Mlinzi alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Umefuata nini, dada?"

"Usaili, kaka yangu. Nimewahi kidogo."

"Umewahi wa mwakani?" Akacheka peke yake. "Wenzako wameingia saa mbili asubuhi, wameshatoka, na waliopata wameambiwa waanze Jumatatu."

Nikamwonyesha simu. Akasema hiyo ni saa ya Kizungu, kila mtu anajua. Nikamwomba aniitie mtu wa ofisini, akatoka dada mmoja wa rika langu, kucha nyekundu. Akausoma ujumbe wake mwenyewe kwa sauti, halafu akaniambia, kwa Kiswahili kilekile tunachoongea wote, kwamba mtu asiyejua saa hawezi kazi ya kiwandani. Hawezi! Mimi ninayeamka kabla ya adhana, bila kengele, kila siku ya Mungu! Nilitamani kumzaba kibao. Nikasema ahsante, nikaondoka.

Lililonikaba roho hasa nililisikia baadaye kwa jirani yangu mmoja aliyeipata ile kazi. Humo ndani waliulizwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Unakaa wapi, unaweza kusimama kutwa, una mtoto mchanga? Kiingereza chote kiliishia kwenye ule ujumbe.

Kwa hasira nikajiandikisha masomo ya jioni mtaa wa Kwa Mathias, kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri. Mwalimu alikuwa kijana, ana saa ya ukutani ya plastiki, anazungusha mishale kwa kidole. "What time is it?" Tunaitikia kwa pamoja, watu wazima wenye watoto majumbani. Watu wanadhani ni jambo dogo. Jamani, sisi tangu utotoni tumefundishwa kutoisoma namba inayoonyeshwa na mshale. Mshale mfupi ukiwa kwenye nane, jicho linaruka ng'ambo ya pili, mdomo unasema mbili, na wala hufikirii. Leo naambiwa nisome ninachokiona. Naona nane, natamka mbili. Darasa zima hoi kwa kicheko. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namfikiria yule dada na kucha zake.

Lakini mwishowe niliijua saa yao. Hata ukinikurupusha usingizini nitakutajia kwa Kiingereza, na robo zake na nusu zake. Kile kiwanda hakikutangaza tena nafasi, au kama kilitangaza mimi sikusikia. Chai bado nauza.

Juzi nilikwenda Chole. Binti yangu sasa anasoma darasa la tatu. Alinipokea vizuri tu, "Shikamoo, mama," akanipa maji ya kunawa, akanitengea ubwabwa na mchicha. Baada ya kula akasogea, akakaa karibu yangu kama mwenye neno. Nikajua leo ataniuliza tena nitamchukua lini. Nikaanza kutafuta uongo wa kumpa.

"Mama," akasema, "unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Kwa nini?"

"Nataka kwenda kucheza," akasema. "Bibi kaniambia nisubiri mpaka mgeni aondoke."