Mguu Uliotafuta Breki

Leo nimemliza baba yangu, na nilichotaka ni kumfurahisha.

Aliendesha basi la kati ya Jinja na Mbale mpaka kisukari kikasababisha akatwe mguu wa kulia.

Basi nikanunua usukani na pedeli za mashindano ya magari ya mtandaoni, nikamfungia vifaa hivyo sebuleni.

Tukaingia kwenye mbio na watu wa mbali. Akatabasamu kabisa, mguu wa kushoto ukikanyaga mafuta.

Kona ya kwanza, paja la kulia likaruka kutafuta breki.

Gari likagonga ukuta.

“Mguu haujajua kwamba haupo,” akasema, machozi yakimtoka.

Nikataka kuchomoa waya. Akanizuia.

“Zima skrini tu, mwanangu. Niache nikae hapa kidogo.”

Bado ameshika usukani.

Jamani, nani anajua kuunganisha breki ya kutumia mkono kwenye mashine hizi? Niandikieni.