Jina Yenye Ilikatwa Nusu

Patron Delphin alivuta waya ya mikro na mukono yake mwenyewe. Haikuwe umeme ilikatika, hata kama nyuma alikuja kusema vile. Mi nilikuwa ku meza ya sauti, karibu yake, nilimuona. Mama Kahambu alikuwa amesimama ku jukwaa, mu salle moja ya mikutano ku Beni yenye ilijaa batu mpaka ku mulango, na ndio kwanza alikuwa anaanza jina ya bwana yake mwenye aliuawa. Alisema: "Kambale…" Pale pale mikro ikakufa. Mama aliendelea, midomo yake tuliiona ikitembea, mais hakuna mutu mwenye alisikia mengine.

Mutu mwenye kutoka mbali ataniuliza: si jina alikwisha kuisema? Kwetu Banande, kila mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Mu ile salle, ukiita Kambale, batu wengi sana batageuka. Jina yenye kuonyesha mutu ni ile yenye kufuata. Donc bwana ya Mama Kahambu hakuitwa. Balimuacha nusu, mbele ya batu.

Sasa nitaeleza vile tulifika pale, tangu mwanzo ya kazi yangu, juu vijana benye kufanya muziki leo bajue.

Sikusoma sana, niliachia ku primaire. Siku yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa ku Butembo, mu komini ya Kimemi, mu kibanda ya Hadji, Mwislamu mumoja mwenye alikuwa anatengeneza radio na kukopia kaseti. Hata asubui ya kwanza hakunionyesha vis ya kufungia radio wala waya. Alinivalisha kaske, ile ya ku masikio, akacheza kaseti ya korali ya kanisa.

"Unasikia nini?"

"Nasikia wimbo, Hadji."

"Wimbo hata mbuzi yangu inasikia. Nakuuliza, nani iko anakohoa?"

Nilirudilia mpaka nikamupata: mama mumoja, kule nyuma. Nikauliza kama tumutoe. Hadji akanitazama sawa mi ni mwizi. "Ule mama alikuja kuimba na kifua yenye kuuma. Ukimutoa, hii haiko korali yao tena." Kazi yote yenye nilifanya kisha ile siku, niliifanya na ile neno.

Kisha nilirudi kwetu Mbau, kijiji ya upande wa Beni, nikafanya sauti ya mandoa na makanisa, huku nalima kakao na mukubwa yangu, ndugu mwenye alinitangulia kuzaliwa. Siku benye kuua balitoka mu pori, mi nilikimbia na nguo ya mwili. Mukubwa yangu hakukimbia, alibakia pale. Zaidi ya ile sitasema.

Ku Butembo, mwenye alinipokea ni ule ule Patron Delphin. Alikuwa na studio nyuma ya kinkayeri yake, fasi anauzisha misumari na mabati. Alinipatia matela, nikawa nalala katikati ya mablangeti yenye tulipigilia ku bukuta juu sauti isirukeruke. Mvua ikinyesha ku mabati, kazi inasimama. Patron alikuwa analeta chai, tunangoja, anatuchekesha. Nayasema juu ni kweli, hata kama leo tunapitana mu barabara na sijibu salamu yake.

Njo pale Mulimi alikuja. Mulimi ni jina yake ya muziki, kijana wa Mbau vilevile, na kweli alikuwa mulimi, vidole vyake vilikuwa nyeusi na maji ya kakao. Alikuwa mu groupe ya vijana bane benye kurapia viatu na babibi bazuri. Alitoka pale, akataka albamu yake peke yake. Benzake balikuwa banamucheka: "We Mulimi, sasa utarapia jembe?" Naye: "Jembe haijanitupa hata siku moja. Nyinyi mutaniambia viatu yenu iko wapi."

Leo vijana banarapia mustari moja, banasimama, banashona na ingine mu mashini. Mulimi alikataa. Tulifanya na prise, ni kusema unaimba tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, na ukikosea unarudilia yote. Alikuwa anatoka mule mu mablangeti na jasho sawa mutu mwenye kutoka shamba.

Wimbo yenye ilikuwa roho ya albamu iliitwa "Ba Kwetu". Katikati yake muziki inashuka, inabakia ngoma moja, na majina ya bafu ba Mbau, benye baliuawa, inasomwa. Patron alisema: "Mulimi, soma wewe mwenyewe, tumalize."

"Hapana, patron. Jina ya mufu inatoka ku kinywa ya nyumba yake. Mi niko nani?"

Ni vile kwetu, ku kilio. Jirani atalia, atabeba maji, atachimba. Mais jina, batu ya nyumba tu njo banaiita, na banaiita yote. Basi tulitafuta benye balikimbilia Butembo, bakakuja, kila mumoja na jina yake.

Mama Kahambu alikuwa wa kwanza kuingia. Nikamuvalisha kaske.

"Toa hii sufuria ku kichwa yangu."

"Ni ya kusikia ngoma, mama."

"Ngoma niliisikia mbele uzaliwe. Nisemee wapi?"

"Mu hii kitu sawa hindi."

Akaitazama mikro. "Hm. Na bwana yangu alipenda sana mahindi." Akashika mukono ya mama mwenye kumufuata, akasema jina ya bwana yake, yote, polepole, sawa anamuita akuje kula. Mvua ikaanza ku mabati. Sikusimamisha. Hadji hangesimamisha. Kisha ya bamama bote, mi vilevile niliingia nikasema ya mukubwa yangu.

Kila sauti niliiweka ku piste yake, ni kusema njia yake peke yake mu mashini, juu niweze kuinua moja bila kugusa ingine. Ni kazi safi. Mais kitu yenye iko peke yake, kuitoa ni vyepesi.

Patron alinituma Kanyabayonga, kutengeneza sauti ya kanisa moja. Nilirudi, nikakuta albamu imekwisha. Nikaomba kuisikia. "Utaisikia ku konseri ya Beni, Ingé, sawa batu bote." Ingé, ni kusema injinia, njo vile bananiita, juu ya kazi ya sauti.

Ku Beni, Mulimi alipendeza. Vijana balicheza mpaka banapanda ku viti. Mbele kabisa aliikala Chef wa Kultura, mukubwa wa serikali mwenye alitoa ruhusa ya salle. Bamama ba Mbau balikuja mu kamio, na bikwembe, bitenge yao ya Pasaka. Sasa "Ba Kwetu" ikaanza kucheza mu mashini, ngoma ikashuka, na ku fasi ya majina ikaingia gitaa. Gitaa tu, nzuri, sawa ya ndoa.

Mulimi alinitazama toka jukwaa. Nikafungua mikono: sijue. Bamama balisimama. Ule kijana hakukimbia. Alishuka, akashika Mama Kahambu mukono, akamupandisha, akamupatia mikro.

"Ingé, kata," Patron akasema.

"Mama iko anasema, patron."

"Chef iko hapa. Kata."

Sikukata. Njo akavuta waya.

Leo bamotari ba pikipiki ba Butembo banaimba ile albamu, radio zinaicheza. Ku Mbau bakiisikia banafunga radio. Banasema Mulimi aliuzisha bafu juu aikale na bakubwa. Hawezi kurudi, kakao yake inaoza ku miti. Mi niliacha kazi, nauzisha makala ya kupikia, mikono yangu sasa iko nyeusi sawa yake. Kazi ilikuwa nzuri. Bado nikisikia mutu anakohoa mu radio, ninasimama, namusikiliza.

Nilimuuliza Patron juu ya sauti ya bamama. Alisema Chef njo alikataza, juu majina ya benye baliuawa inapatisha serikali haya, naye Patron akafuta yote. Nilikwenda kwa Chef. Alinipatia kiti, akasema hajaomba kitu, anapenda sana gitaa. Nafikiri kila mumoja aliogopa mwenzake. Woga naifahamu, nilitoka nayo Mbau. Haimupi mutu ruhusa ya kufuta ba kwetu.

Mukubwa yangu ni Katembo Syahera Rogatien. Ni wa nyumba yangu, namuandika. Ya bwana ya Mama Kahambu naijua yote, niliisikia mu kaske, mais haiko yangu ya kuandika.

Kwa ile, Patron Delphin, na wewe Chef, mukuje pamoja, mu ile ile salle, museme mbele ya bamama nani alitoa majina. Kisha mufungue mikro, mukae mbali na waya. Mama Kahambu iko bado muzima. Alisema Kambale. Munasikia? Mumuulize: Kambale nani?